Kuku wa Kiti cha Nyuma

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Probox saba zimepanga foleni pale Rodi Kopany na hakuna hata moja iliyojaa. Kujaa huku kuna hesabu yake. Gari lililoundwa kwa dereva na abiria wanne huanza kufikiriwa kuondoka likishapata wanane; wa tisa hukalia ukingo wa kiti cha dereva, na wa kumi ni mtoto, ambaye hahesabiwi. Manamba wanapiga paa kwa viganja na kuita Ndhiwa, Mirogi, Sori, Ndhiwa tena, kana kwamba abiria anaweza kusahau alikokuwa akienda.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya barabara kununua ndizi. Manamba mmoja akainama dirishani, akachungulia viti vya nyuma, kisha akanitazama kwa huruma.

"Mkubwa, gari zima na uko peke yako? Umegombana na watu?"

Sikuwa nimegombana na mtu. Nilikuwa nimetoka Nairobi jana yake, nikateremka Mai Mahiu na kupita kile kikanisa kidogo cha mateka wa Kiitaliano waliochonga barabara ya bondeni wakati wa Vita Kuu ya Pili, nikavuka Narok, nikapanda Bomet na Sotik kwenye mashamba ya chai, nikalala Kisii. Asubuhi nikashuka hadi Rongo, nikakata kulia. Njia yote hiyo sikubeba mtu, wala haikunijia akilini kwamba ni jambo la kuulizwa. Kule Nairobi hali hiyo huitwa kuwa na gari lako mwenyewe.

Nilikuwa nakwenda kuliona gari la mtu mwingine. Mwenzangu kazini, mzaliwa wa Ndhiwa, alikuwa amenisimulia habari za gari la kwanza la mwalimu wake wa zamani kwa namna ambayo watu wengine humsimulia babu yao: lilivyokuwa, lilivyopenda, lilivyokataa. Nikamwuliza liko wapi sasa. Akasema lipo, ila siku hizi linafuga kuku.

Kutoka Rodi barabara ni lami, inapita Ndhiwa na kuendelea hadi Sori kwenye ghuba ya Karungu, ziwani. Wazee wa huku huigawa historia yao kwa lami hiyo, kabla yake na baada yake. Kabla yake ilikuwa murram, na nje ya murram ni udongo mweusi wa kunata ambao jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingiza mguu, na mvua ikinyesha huwa ugali. Pande zote mbili ni miwa. Matrekta huivuta kwa matrela hadi kiwanda cha Sukari Industries hapa hapa Ndhiwa, mengine hadi Awendo, kaunti ya Migori, ambako kiwanda cha sukari cha SONY kilianza kusaga mwaka 1979. Nyuma ya kila trela hukimbia watoto wawili watatu wakichomoa mabua, na dereva wa trekta hujifanya haoni.

Hii ni nchi ya Kanyamwa, alikotoka Gor Mahia, yule mganga ambaye masimulizi yanasema aliweza kujigeuza mbele ya macho ya watu, mara kikongwe, mara mtoto. Klabu ya kandanda iliyoanzishwa 1968 ilichukua jina lake. Mtu wa namna hiyo hakuwa na haja ya gari. Waliomfuata walikuwa nayo.

Gari lenyewe liko chini ya mwembe. Ni Peugeot 404, lile refu la safu tatu za viti. Zamani lilikuwa la samawati. Samawati iliyobaki iko upande wa ndani wa fremu ya mlango, pale jua lisipofika. Magurudumu yameshaondoka, limekalia mawe manne. Pleti ya namba ni nyeusi, herufi tatu na tarakimu tatu basi, bila ile herufi ya mwisho iliyoongezwa 1989 namba za Kenya zilipoanza upya kwa KAA. Kioo cha mbele kizima. Na kwenye kiti cha nyuma kabisa, ndani ya shimo la sponji, kuku wa kahawia anaatamia. Nilipovuta mlango alinitazama kwa jicho moja, hakuinuka.

"Mwache," ikasema sauti nyuma yangu. "Huyo ndiye abiria anayelipa."

Mwalimu amepita miaka themanini, ana fimbo na kofia ya pama. Nilimwita Jaduong', mzee, kama inavyopasa. Yeye akaniita nyathina, mwanangu, hata baada ya kuziona mvi zangu. Alilinunua gari hilo mwaka 1981. Siku hizo Homa Bay na Migori zote zilikuwa wilaya moja, Nyanza Kusini, na mwalimu mwenye baiskeli ya Raleigh alikuwa mtu wa kutajwa. Muuzaji alikuwa afisa wa mifugo aliyepata uhamisho wa ghafla kwenda Pwani. Mwalimu alikopa kwenye chama cha ushirika, akauza mafahali wawili, na deni lililobaki akalimaliza kwa magunia ya mahindi.

Tatizo lilikuwa moja tu: hakujua kuendesha.

Gari lililetwa na dereva wa kukodi, nalo likapokewa na kijiji kizima. Mchungaji aliweka mkono juu ya boneti na kuomba kirefu, hadi injini ikazimika yenyewe. Wanawake walipiga vigelegele. Watoto waliandika majina yao kwenye vumbi la milango, na Mwalimu akakataza lisioshwe kwa siku tatu. Kisha akaanza kujifunza kwenye uwanja wa mpira wa shule, jioni baada ya masomo, wanafunzi wakiwa wamepanda miti kwa usalama wao. Mlingoti mmoja wa goli uliinama mwaka huo, na kwa maelezo yake mwenyewe haukuwahi kunyooshwa.

Mtihani wa kuendesha gari nchini Kenya huanzia mezani: kuna ubao uliochorwa mji, na kigari cha kuchezea ambacho mtahiniwa hukisukuma kwa vidole huku akieleza atakavyoingia kwenye mzunguko na atakavyotoka. Mezani Mwalimu alipita mara ya kwanza, kwa sababu kueleza ndiyo kazi yake. Barabarani alirudia mara mbili.

Alinikalisha kwenye kiti cha dereva. Gia ya 404 haitoki sakafuni; ni fimbo nyembamba kwenye shina la usukani, kwa hiyo mbele panakaa watu watatu bila goti la mtu kugonga chochote. Nilipoishika ilikuwa imelainika kama mpini wa jembe la zamani. Betri ikifa, gari lina tundu la hendeli kule mbele. Unaichomeka, unazungusha, na kidole gumba unakiweka upande mmoja na vidole vingine. Ukikizungusha upande wa pili, injini ikirudisha teke itakuvunja. Hendeli hiyo bado anayo. Imetundikwa ukutani sebuleni, karibu na picha ya harusi.

Kuhusu ukaribu huo mkewe alikuwa na neno lake. Alituletea nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenye sahani ya bati, akalitazama gari, akaniambia, "Huyo ni nyieka." Mke mwenza. "Usiku wa kwanza alilala kwake."

Mwalimu alicheka hadi akakohoa. Hakukanusha.

Niliyemtarajia ni mtu atakayenisimulia gari: mwendo wake, mlio wake, safari ya kwenda Mombasa. Hayo hayakumshughulisha sana. Alichonisimulia ni abiria. Alianza na mwanamke aliyechukuliwa usiku kupelekwa hospitali ya misheni, mvua inanyesha, akajifungulia safu ya pili kabla ya kufika. Waluo wana jina lililo tayari kwa mtoto wa namna hiyo, Oyoo akiwa wa kiume na Ayoo akiwa wa kike, kutokana na yoo, njia. Alikuwa wa kike. Mwalimu alinionyesha doa kwenye kiti kwa kiburi kile kile ambacho mtu mwingine angekionyesha cheti.

Akaja kwaya ya kanisa, watu kumi na watano kwa hesabu yake, besi wote wakiwa nyuma ili gari lisiyumbe. Wakaja mbuzi wa mahari. Ikaja timu ya shule, ikashindwa Rangwe, ikarudi kimya. Yakaja magunia ya omena, dagaa wa ziwani, kutoka Sori, na hapo mkewe aliingilia kati kusema kwamba harufu ile iliingia hadi kwenye vitabu vya wanafunzi vilivyokuwa vikisahihishwa mezani.

Na majeneza. Haya aliyataja kwa sauti ya chini, akiyahesabu kwa vidole, akafika mkono wa pili. Kwa Mluo mtu huzikwa kwao. Kenya nzima ilijifunza uzito wa jambo hilo kwenye kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 jijini Nairobi; mjane wake na ukoo wake walishindania mwili mahakamani hadi Mei 1987, ndipo akazikwa Nyalgunga, Siaya. Kesi hiyo ilikuwa ya mtu mashuhuri. Wasio mashuhuri walirudi nyumbani juu ya keria za magari kama hili, kitambaa chekundu kimefungwa mbele, ndugu wamejibana chini yao wakiimba tangu Kisumu. Fito za keria ya 404 ya Mwalimu zimelegea katikati. Nilidhani ni kutu.

Alitoza nauli? Wakati mwingine petroli. Mara nyingi kuku. Kwa msiba, kamwe.

Hata hivyo si kwamba hakujua sifa za gari lake. Alizijua kabla ya kulinunua, kupitia redio. Enzi za Sauti ya Kenya, kila Pasaka, kijiji kilikusanyika kusikiliza Safari Rally, na Mwalimu anaweza kuikariri kama orodha ya wafalme. 404 ilishinda 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu, yaliyobaki yote yakameza matope, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki. Bert Shankland, aliyeishi Tanzania, alichukua ile miwili ya katikati. Lakini mtu wake hasa ni Joginder Singh, kwa sababu alizaliwa Kericho, alikuwa makanika, na alishinda 1965 kwa Volvo iliyokuwa imeshatumiwa na mwingine. "Mkono wa pili, nyathina," alisisitiza, akipigapiga bodi la gari lake. "Kama hili."

Alikuwa amepanga gari lake la pili liwe la Kenya. Mwaka 1986 Rais Moi aliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la nchi, hata likiwa na sura mbaya na mwendo wa polepole, na 1990 likazinduliwa kwa jina la Nyayo Pioneer. Yaliundwa matano. Hayakufika sokoni. Mwalimu hajapata gari la pili hadi leo.

Kwa kulinganisha, gari la kwanza la Mkenya wa siku hizi hutafutwa kwenye simu usiku, picha baada ya picha, likiwa bado limeegeshwa Yokohama au Nagoya. Hukaguliwa huko, hupakiwa melini, hushuka Mombasa. Sheria hairuhusu lililopita miaka minane wala la usukani wa kushoto. Ushuru wa forodha ulipandishwa mwaka 2023 kutoka asilimia 25 hadi 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, na juu ya yote hayo VAT ya asilimia 16, hata mnunuzi huona kama amelinunua mara mbili, kwanza kwa Mjapani, pili kwa serikali. Petroli nayo ina tarehe yake: tarehe 14 ya kila mwezi wenye magari hukaa karibu na redio kusikia bei mpya, kwa wasiwasi ambao babu zao waliuweka kwa mvua.

Langu nililipata kwa njia hiyo. Nilikabidhiwa ufunguo siku ya Jumanne, mlinzi akafungua geti, nikaenda zangu. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nilipofika nyumbani nilikaa ndani yake nusu saa nikinusa sabuni ya watu wengine na kumsikiliza mwanamke aliyefichwa ndani ya dashibodi akinisemesha Kijapani kila nilipogeuza ufunguo. Miezi ilipita kabla sijaelezwa anachosema: kwamba sijaingiza kadi ya kulipia barabara. Nilimzoea. Fundi aliponizimia ile sauti, ndani ya gari palipoa.

Hiyo ndiyo kumbukumbu yangu yote tamu ya gari la kwanza, na nilipomsimulia Mwalimu, alisubiri niendelee.

Wapo waliobahatika zaidi. Barack Obama, akihutubia Kasarani Julai 2015, aliwachekesha watu kwa kulikumbuka Volkswagen kobe la dada yake Auma, lililomchukua alipokuja Kenya mara ya kwanza na ambalo halikuacha kuharibika njiani hadi waitwe mafundi wa jua kali. Alikuwa rais wa Marekani, amekuja na gari la kivita lililoletwa kwa ndege, na gari alilochagua kulisimulia ni lile la kusukumwa. Ukumbi mzima ulimwelewa.

Alasiri Mwalimu alitaka nikaone mto Kuja, ule unaoshuka kutoka milima ya Kisii na kuingia ziwani kule Nyatike. Tukatoka kwenye lami. Mvua ilitukuta katikati ya mashamba, na kwa muda wa dakika kumi udongo ulifanya kazi yake. Magurudumu yalizunguka yakivaa viatu vyeusi vya matope, kila kiatu kizito kuliko kilichotangulia, hadi gari likainamia mtaroni. Nilikanyaga mafuta. Likazama zaidi.

Watu walitokea kwenye miwa. Sijui walikuwa wapi. Walikuwa sita, wakawa kumi, wakazunguka gari wakijadiliana kwa Dholuo kama madaktari, mmoja akalala kifudifudi kutazama chini. Wakaamua: ng'ombe. Waliletwa wanne wenye nira, wametolewa kwenye plau, wakafungwa kwa mnyororo, na kijana mwenye mjeledi akaanza kuwaita kwa majina. Gari lilitoka kwa mlio wa kizibo. Muda wote huo Mwalimu hakushuka. Alikaa kiti cha mbele, mikono magotini, anafurahi waziwazi.

"Sasa ndiyo umeanza kuwa na gari," akasema.

Nilitoa pochi. Kijana wa mjeledi akatikisa kichwa, akaniuliza nitaondoka lini. Nikasema kesho saa tisa. Akasema vizuri, mdogo wake anarudi shule ya bweni.

Mtoni hatukufika. Nililala Ndhiwa, kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama stendi ya boda boda, na usiku kucha nilisikia watu wakipatana bei.

Jumapili niliporudi kuaga, gari langu lilikuwa limeoshwa na watoto, isipokuwa mlango wa nyuma, ulioachwa na vumbi lake na majina matano ndani yake. Ndani walikuwa wameshakaa. Yule mwanafunzi na sanduku lake la bati. Mama mmoja nisiyemjua, kuku wawili kwenye kikapu. Mzee mwenye redio iliyoharibika anayoipeleka kwa fundi. Mtoto. Kiti cha mbele kilikuwa na mke wa Mwalimu, amevaa nguo ya kanisani, anakwenda Rodi kwa dada yake. Hakuna aliyeniomba, walinisalimu tu, kama watu wanaomsalimu dereva aliyechelewa.

Niliwasha kipoza hewa. Mke wa Mwalimu akaweka kiganja mbele ya tundu, akakizungusha taratibu.

"Huyu nyieka ana upepo wake," akamwambia mumewe kupitia dirishani.

Mwalimu alitusindikiza hadi kwenye 404, akaegemea boneti yake, akapunga fimbo. Kuku wa kahawia alikuwa bado hajainuka.

Rodi tulifika saa kumi kasoro. Nilipowashusha, manamba yule yule alikuja, akahesabu kwa kidole, akamhesabu hata mtoto.

"Mkubwa, umepatana na watu," akasema. Kisha akanyoosha mkono: kushusha abiria kwenye stendi yake ni shilingi 50. Nikalipa.